Mkemia Naye Ni Mtetezi wa Haki

Mwanafunzi wa Ibaba, wilayani Ileje, anayefaulu Kemia na Biolojia huonyeshwa njia mbili tu: udaktari au ualimu. Akizikosa, huhesabiwa kuwa amepotea. Fikra hiyo ni finyu, nayo hulinyima taifa wataalamu.

Mwaka 1984 Alec Jeffreys, wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, hakuwa akisaka wahalifu. Alikuwa akichunguza urithi, ndipo akagundua kwamba vinasaba vyaweza kumtambulisha mtu. Polisi walipoutumia ugunduzi huo katika mauaji ya wasichana wawili, wa kwanza kunufaika alikuwa kijana asiye na hatia, aliyekwisha kukiri mojawapo ya mauaji hayo. Muuaji halisi alihukumiwa mwaka 1988.

Nchini Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ilitungwa mwaka 2009. Mkemia wa huko ni yule yule ambaye angeweza kupima dawa kiwandani au kushika chaki darasani.

Manufaa yake kijijini si madogo. Mtu akifa ghafla, minong'ono ya uchawi huanza, na kikongwe asiye na kosa huweza kuuawa. Kipimo cha sumu chaweza kuizima minong'ono hiyo.

Kwa hiyo ni wajibu wa walimu kuwafunulia vijana njia hii mapema, na wa maofisa elimu kuhakikisha kuwa maabara za shule hazigeuzwi kuwa stoo. Haki hailindwi na mahakimu peke yao.