Mwezi wa Nane Usipite Bila Barua



Hivi karibuni mwanachama wetu mmoja alishikwa na uchungu akiwa kazini, katika nyumba ya kufungia maua, saa nne ya asubuhi. Jina lake hatulitaji, wala la shamba. Alikuwa amesimama mezani tangu saa moja, amejikaza leso mbili tumboni chini ya eproni ya kazi ili nyapara asitambue hali yake. Wenzake walikuwa wametambua zamani, wakanyamaza. Walimpeleka hospitali kwa pikipiki, mmoja amekaa nyuma yake akimshikilia, na twashukuru Mungu alijifungua salama, mtoto wa kike.

Lakini alifika huko mikono mitupu. Nguo za mtoto zilikuwa nyumbani chini ya kitanda, kijitabu cha kliniki nyumbani, na bwana wake yuko zamuni, simu imezimwa. Na kubwa kuliko hayo, hakuwa ameandika barua ya kuomba livu ya uzazi. Siku ya tatu afisi ya shamba ikaandika kwamba ametoroka kazi.

Shauri hilo tulilimaliza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mama ampe mwajiri habari kwa barua siku zisizopungua saba kabla ya kuanza livu, au muda mfupi zaidi ikiwa mambo yenyewe yana sababu. Katibu wa tawi aliwasomea maneno hayo ya mwisho mara mbili, akauliza kama uchungu wa kuzaa si sababu, ni nini. Wakafuta neno la utoro na kuhesabu livu tangu siku ya kujifungua. Hata hivyo hatukurudi afisini na furaha nyingi. Tulipomwuliza yule mama kwa nini alificha, alijibu kwa maneno machache: mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu, na mwenye tumbo haandikwi tena.

Basi hilo ndilo tunalotaka kusema leo. Wanachama wetu wengi wanapofikia mwezi wa nane hujiandaa kwa nepi, kwa sabuni, kwa blanketi. Ni vyema. Lakini maandalizi ya mama mfanya kazi huanza na karatasi, kwa kuwa mtoto wa mfanya kazi hula mshahara, na mshahara hushikwa na karatasi.

Twajua hofu hiyo haikutoka hewani, na hatutaki kuwadanganya. Sheria yakataza kumfuta mtu kazi kwa sababu ya mimba au kwa sababu amekwenda livu ya uzazi. Yakataza pia kumbagua kwa ajili ya mimba. Lakini mkataba mfupi una mlango wa nyuma: siku zake zikiisha, mwajiri hunyamaza tu, asiite jina lako, kisha aseme kazi imepungua. Hayo tumeyaona. Sasa fikirini. Mama aliyeficha akija kwetu kulalamika, mwajiri atajibu neno moja: hatukujua kama ana mimba. Na atakuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Mama aliyepeleka barua mapema, akabaki na nakala yenye mhuri na tarehe, akiachwa nje majuma mawili baadaye huku wenzake wote wameandikwa tena, huyo ana shauri. Sheria hiyo hiyo yasema mtu akilalamika kuwa amebaguliwa, ni juu ya mwajiri kuonyesha kwamba hakumbagua. Kuficha, basi, humkinga mwajiri, hakumkingi mama.

Na ninyi vibarua msiseme habari hii haiwahusu. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazotimiza mwezi mmoja, au aliyewekwa katika kazi ambayo kwa kweli haiwezi kwisha kwa miezi mitatu, sheria humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi hata kama bado analipwa kwa siku. Kuchuma chai si kazi ya kwisha kwa miezi mitatu. Wekeni hesabu ya siku zenu katika daftari ndogo, kila siku, maana daftari ya nyapara ina tabia ya kupotea.

Wazee wetu kazini watakumbuka ilivyokuwa. Sheria ya mwaka 1976 ilimpa mama miezi miwili yenye mshahara, lakini akiichukua alipoteza livu yake ya mwaka. Yaani alilipia uzazi kwa mapumziko yake mwenyewe. Ile ya mwaka 2007 ilileta miezi mitatu kwa mshahara kamili, ikasema wazi kwamba livu ya mwaka haipotei, na kwamba mama akirudi atapewa kazi yake ile ile au nyingine inayomfaa isiyo na masharti mabaya zaidi. Bado si mingi. Mapatano namba 183 ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2000 yataja majuma 14, na miezi yetu mitatu ni karibu majuma 13. Lakini hata hiyo mitatu wako wanaoiacha ipotee kwa kutojua.

Hapa lipo swali ambalo akina mama hutuuliza sana: livu ianze lini? Sheria haikuigawa kati ya kabla na baada, kwa hiyo kila mmoja hutaka kuiweka yote baada, ili akae na mtoto. Ndiyo maana twawaona wamesimama mezani katika juma la 39 wakiinua kreti. Shauri letu ni hili. Angalia livu yako ya mwaka. Mtu aliyetimiza miezi 12 kazini ana siku 21 za kazi zenye mshahara. Ukipatana na mwajiri, zichukue kwanza, katika majuma ya mwisho, ndipo livu ya uzazi ianze karibu na siku yenyewe. Au, akikubali, ziunge mwishoni kabla ya kurudi kazini. Waambieni wajumbe wenu wa kazini jambo hili mapema, lisingoje mwezi wa tisa.

Na kabla livu haijaanza, omba kwa barua hiyo hiyo kazi isiyo ya kusimama kutwa wala kuinua mizigo, na kutowekwa katika nyumba zilizopigwa dawa ya wadudu. Nyapara mwenye akili atakubali. Asiye na akili mletee mjumbe.

Tuje kwenye hospitali. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua mahali pa NHIF, na asilimia 2.75 ya mshahara wako hukatwa kila mwezi. Kukatwa si kupelekwa. Wako waajiri wanaokata pesa zikalala kwao, na mama akayajua hayo yuko mlangoni mwa wodi. Basi mwezi wa saba au wa nane nenda mwenyewe ukaulize kama jina lako limeandikishwa na malipo yamefika. Kama hayakufika, leta karatasi zako za mshahara tawini, nasi tutamwandikia mwajiri. Asiyekatwa mshahara hulipa mwenyewe, na kwa kanuni zilizoanza mwaka 2024 hutakiwa kulipa ya mwaka mzima mara moja. Kiasi cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600. Pesa hizo hazipatikani usiku wa uchungu. Ziwekeni mapema, hata kama ni kwa mchango wa mzunguko wenu wa akina mama. Panga zamu yako ya kupokea iangukie mwezi wa nane, wenzako wataelewa.

Kuna wazee wasiopenda vitu vya mtoto vinunuliwe kabla hajazaliwa. Hatuna ugomvi na wazee. Asiyetaka kununua na aweke pesa zenyewe katika mfuko mmoja, na ajue dukani patakapofunguliwa ni nani atakwenda. Lakini mfuko wa mama mwenyewe uwe tayari: kitambulisho, kijitabu cha kliniki, leso tatu safi, pamba au pedi za kutosha, sabuni, karai, nepi, kofia na nguo za mtoto zenye joto, na simu iliyojaa moto. Ukae mahali ambapo hata jirani aweza kuuona. Ukiwa bado unakwenda kazini katika mwezi wa tisa, kijitabu na kitambulisho visikae nyumbani. Vitie mfukoni mwa koti lako kila asubuhi.

Usafiri ndio unaoua watu katika mashamba yetu, kwa sababu lori la shamba hulala saa kumi na mbili jioni, na uchungu hauna saa. Patana na mwenye pikipiki au gari tangu sasa, mpe nauli nusu, na uwe na wa pili kama wa kwanza hayupo. Mjue ni hospitali gani mtakwenda, na nani atabaki na watoto wakubwa. Wajumbe wa kila kambi waandike barua kwa meneja kuuliza gari gani litatoka usiku mama akizidiwa, na dereva wake ni nani. Jibu libandikwe ukutani penye zahanati.

Wala msingoje uchungu kama mojawapo ya mambo haya yametokea: kutoka damu, maji kuvuja, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafula, homa, kifafa, au mtoto kupunguza kucheza. Hili la mwisho mama anayefanya kazi kwa haraka kutwa hulikosa kwa urahisi, kwa kuwa hana nafasi ya kusikiliza tumbo lake. Akae chini wakati wa chakula, alale kwa ubavu jioni, asikilize. Akiona si kama kawaida, aende hospitali saa hiyo hiyo, asingoje mshahara wala zamu kwisha. Mwenzake atamwambia nyapara.

Sasa mabwana. Mnasoma karatasi hii mkidhani tunasema na wake zenu. Sheria ile ile ya mwaka 2007 yawapa majuma mawili kwa mshahara kamili mke anapojifungua. Ni wangapi kati yenu walioyachukua? Twajua wako wanaoona haya, kwa sababu nyapara huwacheka akiwauliza kama wao ndio walionyonyesha. Mwacheni acheke. Majuma mawili ya kuchota maji, kuosha nepi, kupika uji na kumpeleka mtoto kliniki si mchezo, na mama aliyetoka kuzaa hawezi kuyafanya peke yake. Andikeni barua zenu siku ile ile anapoandika mkeo. Lakini anayechukua livu hiyo akaimalizia barazani kwa pombe, asije kwetu kulalamika akinyimwa mara ya pili. Tutamtetea kwa kuwa ni haki yake, lakini hatutafurahi.

Mambo ya baada ya kuzaa tutayaandika siku nyingine. Mawili tu yasisahauliwe. Mtoto aandikishwe kabla ya miezi sita, ili apate cheti cha kuzaliwa bila masumbuko. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yawataka waajiri kuweka mahali pa kunyonyeshea kazini na kumpa mama nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa, isiyozidi saa moja kwa jumla katika saa nane za kazi, mbali na wakati wa chakula. Katika mashamba mengi tuliyotembelea mahali hapo ni choo, au hapapo kabisa. Hata sisi viongozi tuna lawama. Katika mazungumzo ya mkataba na waajiri, neno la akina mama tumeliweka karatasi ya mwisho, baada ya mshahara, nyumba na ovataimu, na jua likizama ndilo linaloachwa kwa mkutano ujao. Katika mazungumzo yajayo tumepatana liwe la pili, nyuma ya mshahara, na wanachama na watuulize kama tumetimiza.

Barua yenyewe si kazi kubwa. Yatosha kusema hivi: “Kwa Meneja. Mimi, fulani, namba yangu ya kazi ni hii, natoa habari kwamba nitaanza livu ya uzazi tarehe hii, na kwamba nitarudi kazini livu itakapokwisha, tarehe hii. Naomba hadi siku hiyo nipewe kazi isiyo ya kuinua mizigo wala karibu na dawa.” Kisha sahihi na tarehe. Andika mbili, moja wapewe afisi, ya pili wapige mhuri urudi nayo. Wakikataa kupiga mhuri, mjumbe atie sahihi kwamba ameona ikipelekwa. Mwajiri akitaka cheti cha daktari au mkunga, kliniki watakuandikia.

Asiyejua kuandika, au anayeogopa kuipeleka peke yake, karani wa tawi yuko afisini kila Jumamosi tangu saa saba hadi saa kumi. Njoo na kijitabu cha kliniki, maana ndicho chenye tarehe.