"Pombe ya kienyeji" si jina

Juzi nimesoma insha ndefu kuhusu sake, imeandikwa na Mtanzania mwenzetu kwa Kiswahili kizuri tu. Maji ya mlimani, mchele wa bondeni, mkono wa fundi. Nikaipenda. Halafu aya ya mwisho mwandishi anarudi nyumbani, na huku nyumbani watu wanalewa "pombe za kienyeji". Basi. Mjapani ana ufundi, sisi tuna ulevi.

Jamani, hapana.

Mimi ni wa Itaka, Mbozi. Bibi yangu alikuwa akipika kimpumu. Ulezi unalowekwa, unafunikwa mpaka uote, unaanikwa, unasagwa. Hicho ndicho kimea. Kimea kinageuza wanga kuwa sukari, ndipo chachu ipate cha kula. Sasa angalia: mchele wa sake umekobolewa, hauwezi kuota tena, ndiyo maana Wajapani wanautegemea ukungu waitao koji ufanye kazi ile ile. Swali moja, majibu mawili. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufundi wao katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sina wivu. (Kidogo ninao.)

Na kimpumu hakichujwi. Kinakaa chunguni na machicha yake, kinamiminiwa maji ya moto, watu wanakizunguka na mirija. Kikipungua, maji yanaongezwa, na kila yakiongezwa ladha inashuka. Aliyechelewa anakunywa maziungumzo tu. Audrey Richards, Mwingereza, alipoandika kuhusu Wabemba, ng'ambo ya Tunduma, kitabu chake cha 1939 hakikuiruka pombe ya ulezi. Aliiona ni chakula, ni heshima, ni malipo ya kazi ya shamba. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunaona nini?

Mwaka juzi nilipeleka hadithi kwa mhariri mmoja. Neno "kimpumu" alilifuta mara sita, akaweka "pombe ya kienyeji". Eti msomaji wa Dar hataelewa. Lakini "wiski", iliyokuwa humo humo, aliiacha kama ilivyo. Kwani msomaji wa Itaka alizaliwa anaijua wiski?

Na asije mtu kuniambia sijui ubaya wa pombe. Mjomba wangu aliuawa na pombe. Ila ilikuwa ya viroba, vile vya kiwandani vilivyopigwa marufuku Machi 2017, si ya chungu cha mama yake. Mlevi wa viroba sijakutana naye sana kwenye riwaya zetu. Kilabu cha kijijini ndicho mshtakiwa wa siku zote, na hata jina la kinachonywewa humo hatuambiwi. Komoni? Ulanzi? Mbege? Kila kimoja kina nafaka yake au mmea wake, baridi yake, watu wake. Mwandishi asiyeweza kuvitofautisha anataka nimwamini akinielezea mchele wa Wajapani.

Hadithi ile niliiondoa kwa mhariri. Ninayo bado, na "kimpumu" zake zote sita.