Nshomile, Andika Bei



Ndugu zangu wa Bukoba na Muleba, nchi nzima inatutania sisi Wahaya kwa kujisifu. Mhaya akijitambulisha ndani ya daladala pale Dar es Salaam, kabla ya kituo cha pili atakuwa ameshaulizwa ana shahada ngapi. Neno nshomile, yaani "nimesoma", limetoka kwenye Kihaya chetu likawa utani wa kudumu, na wenyewe tunalipokea kwa kicheko. Sina ugomvi nalo. Kinachonishangaza ni kwamba mahali ambapo kujisifu kunaingiza pesa, kwenye simu, tumekuwa wapole kama mkwe anayekanyaga ukweni kwa mara ya kwanza.

Msimu uliopita wa senene, wifi yangu anayeishi Tabata aliona picha kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa nyumbani. Karai limejaa senene waliokaangwa, wanang'aa kwa mafuta yao wenyewe. Chini ya picha imeandikwa: "Senene wapo. Bei njoo inboksi." Akaenda inboksi saa mbili asubuhi. Saa sita akajibiwa, "Habari." Akaitikia, akauliza bei. Alasiri akaulizwa, "Unahitaji kiasi gani?" Akasema sado moja. Usiku ukaingia. Kesho yake akapita Kariakoo akanunua kwa kijana aliyeandika bei kwenye kipande cha boksi, na senene wenyewe wala hawakuwa wazuri kama wale. Dada yetu wa Bukoba alijibu siku ya tatu, na bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya Kariakoo. Biashara ilifia kwenye salamu.

Basi ombi langu la kwanza, na kama utasahau mengine usisahau hili, ni kwamba tuandike bei. Nimewauliza wauzaji kwa nini wanaificha. Wengine wanaogopa jirani wa meza ya pili ataiona ashushe yake. Wengine wamezoea soko, ambako bei inategemea sura ya mnunuzi, viatu vyake na haraka yake. Naelewa, hata mimi hupunguziwa nikivaa kandambili. Lakini sokoni mteja anakuona, anakusikia ukicheka, anabonyeza ndizi kwa kidole. Kwenye simu hana cha kubonyeza. Ukinyamaza kuhusu bei anafikiria mambo mawili tu: ni ghali, au ni tapeli. Ukipenda mjadala, ongeza "maelewano yapo." Maneno hayo mawili ni Kiswahili kizuri na kila mtu anayajua.

Tangazo lililokamilika si refu. Tuseme unauza kahawa ya kusaga: "Kahawa ya Kamachumu, imekaangwa Jumanne. Pakiti ya gramu 250 shilingi 8,000. Nipo Bukoba mjini, jirani na stendi. Mzigo wa Dar unapanda basi Jumatano na Jumamosi, nauli ya mzigo ni ya mnunuzi." Picha moja, umeipiga leo, mlangoni penye mwanga, mkono wako ukiwa umeshika pakiti. Picha ya kuokota mtandaoni, yenye kikombe cha kizungu na majani ya mnanaa, inakuumbua. Mteja wa Mwanza anajua kwamba hiyo si Kamachumu.

Halafu kuna suala la jina, ambalo hatulisemi ingawa linatunyima wateja wengi. Mtu akikutumia pesa, simu humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri. Sasa wewe ni mama muuza dagaa wa Kemondo, umejitambulisha kwa jina lako, na simu inamwonyesha jina la kijana asiyemjua. Mwaka 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilipofungwa, wengi walikuwa hawajapata namba ya NIDA, wakasajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto au shemeji. Dharura ilikwisha, usajili ukabaki vilevile. Piga *106# uone laini yako inasomeka kwa jina la nani. Kama si lako, nenda kwa wakala ukaiweke sawa. Ukishindwa wiki hii, basi mwambie mteja mapema: "Litatokea jina la mwanangu, fulani bin fulani." Sentensi hiyo moja inamtoa hofu.

Mnaniuliza, kwa nini nang'ang'ania WhatsApp wakati vijana wako Instagram na TikTok? Kwa sababu ndiko waliko shangazi zetu. Kijana wa Hamugembe anayeshona nguo na ana jicho la picha, aende Instagram kwa baraka zangu zote. Lakini mtu anayeuza ndizi, vanila au vitenge kwa watu wanaomfahamu, au wanaomfahamu anayemfahamu, atapata zaidi kwenye simu zilizokwisha kuisevu namba yake. Afadhali chombo kimoja unachokijibu kila siku kuliko kurasa tano ulizozitelekeza tangu Pasaka.

Na hapa kwenye kusevu ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui. Stetasi yako ya WhatsApp, ile inayodumu saa 24, haionwi na mtu asiye na namba yako kwenye simu yake. Nawe lazima uwe na yake. Unaweza kuweka picha nzuri kila asubuhi mwaka mzima na wakaiona watu kumi na mmoja, wanane kati yao ndugu zako. Kwa hiyo mteja akishalipa, kabla hajaondoka, mwambie: "Kaka, nisevu, nami nakusevu hapahapa." Andika jina lake pamoja na anachopenda, mfano "Mwalimu Rwamishenye sangara." Msimu ukifika utamkumbuka bila kukuna kichwa. Ipo pia WhatsApp ya biashara, ilitoka mwaka 2018, haina malipo kuipakua. Inakupa nafasi ya kuorodhesha bidhaa na bei zake, saa zako za kazi, na jibu linalojituma lenyewe ukiwa shambani. Iweke kwenye laini ya pili kama unayo, ili mjadala wa posa ya binamu usichanganyike na oda za dagaa.

Wenzetu wa visiwa vya Muleba, kuanzia Bumbire mpaka Goziba, nyinyi mna habari ambayo mtu wa bara anaihitaji kuliko picha. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa kazi hupungua. Mnunuzi wa Bukoba mjini halali na kalenda ya mwezi kichwani. Anakuja, anakuta chanja tupu, anaondoka amenuna. Weka stetasi: "Giza linaanza Alhamisi, dagaa wa chanja Jumamosi." Useme pia kwamba ni wa chanja na si wa mchangani, maana mwenye meno anaijua tofauti. Hakuna anayeweza kutangaza hilo kwa niaba yenu.

Kwenye kahawa niseme kwa uangalifu. Kahawa ya maganda ina njia yake, inapita chama cha ushirika, yaani AMCOS, na mnadani, na simu haiwezi kuibadilisha. Lakini tunaifahamu butura, ule mtindo wa kuuza kahawa ikiwa bado ua au tunda bichi mtini, kwa bei ya mwenye fedha mkononi. Butura haitoki kwenye ujinga. Inatoka kwenye ada ya Januari na maradhi ya ghafla, kwa hiyo sitadanganya kwamba kundi la WhatsApp litaimaliza. Lakini mkulima anayejua mnada wa juzi ulifungwa kwa shilingi ngapi hawezi kukubali kirahisi robo ya bei. Nawaomba makatibu wa AMCOS, na hili naliomba kwa heshima: matokeo ya mnada yakibandikwa ubaoni, pigeni picha jioni hiyohiyo muweke kwenye kundi la wanachama. Asiye na simu kubwa atasomewa na mjukuu.

Sasa nyumbani. Sisi ni watu wa kuzikwa kwenye kibanja. Mtu wetu akifia Dar es Salaam, mwili unasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kurudi kwenye migomba yake, na gharama hiyo siku hizi inakusanywa kwenye kundi linalofunguliwa usiku uleule wa msiba. Ni kazi njema, nami nimeona kundi likimaliza bajeti kabla ya jua kuchwa. Nimeona pia watu wakikasirikiana kwa sababu orodha ya michango haikuonekana siku mbili. Mweka hazina, toa orodha kila jioni hata kama haijaongezeka jina. Na wewe unayetumbukiza tangazo la dawa ya kupunguza tumbo katikati ya rambirambi, nakuomba, si kwa sheria bali kwa utu, subiri arobaini ipite.

Kuna faida nyingine ya makundi ya ukoo ambayo tunaichezea. Bibi zetu wanaojua majina ya mababu kwa mpangilio, wanaoweza kueleza mipaka ya zamani ya falme za Ihangiro na Kiziba, na wachache waliobaki wanaosimulia kwa enanga, hawataandika kitabu. Lakini watazungumza dakika tano kwenye simu ukiwashikia. Warekodi kwa Kihaya, siyo Kiswahili cha kumrahisishia mtoto wa Mbezi. Tuma sauti hiyo kwenye kundi, kisha ihifadhi mahali pengine pia, kwa sababu simu huanguka ziwani.

Niliona niache habari za uzushi kwa sababu kila mtu anazihubiri, lakini mkoa wetu una vidonda vyake. Machi 2023, watu walipokufa Maruku na Kanyangereko kwa ugonjwa ambao mwanzoni haukuwa na jina, simu yangu ilijaa sauti zisizo na mwenyewe. Serikali ilitangaza tarehe 21 Machi kwamba ni Marburg. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6. Zile sauti hazikuwa na tarehe wala jina la msemaji. Mimi mwenyewe nilisambaza moja, kwa nia njema, na ilikuwa ya uongo. Tangu hapo, nikiona mishale miwili juu ya ujumbe, alama kwamba umesambazwa mara nyingi, nauliza kwanza aliyenitumia ameupata kwa nani. Mara nyingi hajui.

Kabla yake, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Walikuwamo watu 43, wakafa 19. Picha zilisambaa siku hiyohiyo, na sitaki kufikiria ni nani aliyemtambua wake kwenye simu, amekaa peke yake ofisini au kwenye basi. Ukiwa eneo la ajali, simu yako ipige namba ya msaada. Miili tuwaachie wenyewe.

Kuhusu matapeli nitakuwa mfupi, maana mbinu zao hubadilika kila mwezi. Mtu akikuomba zile tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, anataka kuichukua WhatsApp yako, hata kama anaandika kwa jina la mjomba. Usimpe. Weka PIN ya hatua mbili kwenye mipangilio, ni kazi ya dakika moja. Na ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" upeleke 15040 badala ya kuutukana tu.

Novemba senene wataanguka tena. Taa kali na mabati vitasimama vilimani, mapipa yatajaa, na akina mama watakesha wakinyonyoa. Wifi yangu wa Tabata bado yumo kwenye lile kundi, na ameniagiza nimtafutie sado mbili, wamekaangwa bila vitunguu. Hela anayo. Anasubiri wa kwanza atakayeweka picha yenye bei.