Kuku wa Bukoba na Muleba wachanjwe kwa ratiba

Chanjo ya mdondo kwa kuku wa kienyeji inapaswa kuwa huduma ya kudumu katika kila kijiji cha Bukoba na Muleba, si zoezi la kusubiri wafadhili.

Ugonjwa huu, ambao wengine huuita kideri, hauna tiba, na ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kulimaliza kwa siku chache. Kinga ipo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini, hustahimili joto zaidi kuliko chanjo za kawaida na hutolewa kwa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Tatizo ni kwamba kichupa kimoja hutosha mamia ya kuku, ilhali kaya nyingi zina wachache tu. Bila siku moja ya kuchanja kwa pamoja, nani atakinunua?

Kuku wakinusurika, lishe nayo hunufaika. Mkoa wa Kagera, zilimo Bukoba na Muleba, licha ya migomba, maharage na samaki wa ziwani, ulikutwa na udumavu wa takriban asilimia 34 kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022. Ndizi hushibisha, lakini protini yake ni haba. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini. Mayai yauzwe, sawa, ila si yote: mtoto aliyetimiza miezi sita apate lake, lililoiva vizuri. Mbolea ya banda nayo iende kibanjani, kwenye shamba la migomba.

Wenye dhamana ya mifugo watangaze ratiba, wagharamie majokofu na kuwafundisha wachanjaji wa vijiji kabla robo mwaka ijayo haijaanza.