Visikilizio vya Kuzima Kelele



Katika barua tulizozipokea mwezi huu imo moja ya kijana wa chuo, nasi tumeona tuijibu hapa kwa kuwa jambo lake limo katika nyumba nyingi. Asema kwamba kwa muda wa mwaka mzima amedunduliza fedha kwa kuwasomesha hesabu watoto wa jirani, na sasa ataka kununua visikilizio, yaani hedifoni, vya aina ile ya ghali ifunikayo masikio na kuzima kelele. Nyumbani kwao, asema, hapasomeki: cherehani ya mama yake yavuma tangu asubuhi hata usiku, wadogo zake wapiga makelele, na jirani ana jenereta. Atuuliza achague vipi baina ya Sony na Bose. Baba yake amemwambia kwamba vyote viwili ni israfu.

Twaanza na kifaa chenyewe, maana asiyekijua kitu hawezi kukihukumu. Mwaka 1978 Dakta Amar Bose, mwalimu wa chuo cha MIT cha Marekani, alikuwa ndani ya ndege akitoka Zurich kwenda Boston. Alipewa visikilizio, lakini mngurumo wa injini ukamzuia asisikie vyema. Mumo humo ndegeni akaanza kupiga hesabu za namna ya kuipinga sauti kwa sauti. Kampuni yake ikaanza kuuza visikilizio vya marubani mwaka 1989, na mwaka 2000 ikatoa QuietComfort kwa watu wote. Ndani ya vifaa hivi mna maikrofoni ndogo zinazoipokea sauti ya nje, na mtambo wake hutoa sauti iliyo kinyume: wimbi la nje linapopanda, hili hushuka, na yakikutana hupunguzana.

Tukishaijua asili yake, twajua na mpaka wake. Sauti nzito isiyobadilika, kama ya injini, feni au jenereta, hupungua sana. Ama sauti kali na za ghafla, kama kilio cha mtoto, honi na maneno ya watu, mtambo huo hauziwezi vizuri, na kinachozipunguza zaidi ni mito yenyewe inayoziba sikio. Basi kijana wetu ajue mapema: jenereta ya jirani itakaribia kutoweka, cherehani itafifia, lakini wadogo zake atawasikia bado. Asitoe jasho la mwaka mzima akidhani ananunua kimya kitupu.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Sony WH-1000XM5, vilivyotoka mwaka 2022 kwa dola 400 huko Marekani, vina uzito wa gramu 250 hivi, na betri yake hukaa saa 30 huku kelele zikizimwa. Ila havikunjiki vikawa vidogo. Bose QuietComfort Ultra vya mwaka 2023 vilianza kwa dola 429. Hivi vyakunjika, lakini betri yake ni saa 24. Kijana hakuvitaja Sennheiser Momentum 4 vya mwaka 2022, vilivyotoka kwa dola 350, na betri yake hufika saa 60. Panapokatika umeme mara kwa mara, hilo si jambo dogo. AirPods Max vya Apple vilitoka mwaka 2020 kwa dola 549, navyo vina uzito wa gramu 385 hivi, na hukaa saa 20.

Shauri letu ni kwamba asichague kwa jina, bali kwa kichwa chake mwenyewe. Avivae dukani kwa muda wa robo saa, akiwa na miwani yake kama huvaa miwani. Mto usipokaa sawasawa sikioni, kelele hupenya, na ghali yote ikawa bure. Dada zetu nao wajue kwamba kitambaa cha mtandio kikiingia baina ya mto na sikio huharibu uzibaji huo. Wakiwa nyumbani, ni afadhali mtandio uwe juu ya visikilizio. Tena bidhaa za kuiga ni nyingi, na alama ya kampuni huchapwa kirahisi. Anunue kwa muuzaji atoaye risiti na dhamana. Wala si lazima kipya kabisa: Sony WH-1000XM4 vya mwaka 2020 vyakunjika na betri yake ni saa 30, na kifaa cha zamani kwa kawaida hushuka bei kinapotoka cha baada yake.

Ama kuhusu neno la baba, hatuwezi kusema kwamba amekosea. Israfu imekatazwa katika Sura ya Al-Aaraf, na dola mia nne ni mali nyingi kwa mwanafunzi. Lakini iko faida ambayo huenda mzee hajaelezwa. Anayesikiliza masomo penye kelele hupandisha sauti ili aishinde kelele, na hapo ndipo masikio huumia. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kwa watu wazima: desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 katika wiki. Mwenye kuzimiwa kelele aweza kusikiliza kwa sauti ya chini. Kijana na amweleze baba yake hayo kwa adabu, kisha akubali atakaloamua.

Limebaki jambo moja, na kwetu sisi ndilo kubwa. Mwishoni mwa barua, katika mstari mmoja tu, kijana asema kwamba ada yake ya chuo yatokana na cherehani hiyo hiyo.

Tunamkumbusha kisa cha Juraij, kilichomo katika Sahihi mbili, za Bukhari na Muslim. Alikuwa mcha Mungu aliyejitenga katika hekalu lake. Mama yake alikuja akamwita naye yumo katika sala. Akasitasita baina ya mama na sala, akaendelea na sala. Akaitwa tena na tena, asiitike, mpaka mama akamwombea dua mbaya, na dua ile ikapokewa. Juraij alikuwa katika ibada. Je, aliyeziba masikio kwa ajili ya somo, au kwa mchezo tu, atakuwa na udhuru gani?

Basi kabla ya kununua, kijana na aanze na kelele mahali inapotoka. Aitie cherehani mafuta, akaze parafujo zilizolegea, na aweke kipande cha mkeka mzito au mpira chini ya miguu yake. Gharama yake ni ndogo, mlio utapungua, na mama mwenyewe atapata raha ya mikono. Baada ya hapo, akiona bado ana haja na baba ameridhia, anunue.

Na akisha kununua, aketi akielekea mlangoni ili amwone mama anapomhitaji. Vifaa vyote tulivyovitaja vina namna ya kupitisha sauti za nje. Aitumie kila mama anapokuwa peke yake na wadogo. Katika hivyo vya Sony, kuweka kiganja juu ya sikio la kulia hutosha kufungua sauti za nje kwa muda. Na wakati wa adhana avivue kabisa.

Mola wetu ametuambia katika Sura ya Al-Israa kwamba sikio nalo litaulizwa. Tulizoea kufikiri kwamba litaulizwa juu ya yale lililoyasikia. Huenda likaulizwa pia juu ya aliyeita lisimsikie.

Wabillahi tawfiq.