Watu Wasiojulikana

Wako wanaosema kwamba muuaji hajibiwi kwa hoja, hujibiwa kwa risasi. Neno hilo humliwaza mwenye msiba, lakini halitoshi kuwa siasa ya usalama. Sisi wa Mzenga, wilayani Kisarawe, tumepakana na Mkuranga, na Kibiti si mbali. Yaliyotokea huko kwetu si habari za ugenini.

Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliviziwa wakauawa wilayani Kibiti. Wenyeviti na watendaji wa vijiji nao waliuawa, mmoja baada ya mwingine. Wauaji walimjua wamtakaye: ni yule ambaye mwanakijiji humwendea kumnong'oneza aliyoyaona. Walitaka kuukata ulimi unaowaunganisha raia na serikali yao.

Serikali ilijibu. Kanda maalumu ya kipolisi iliundwa Rufiji, pikipiki zilikatazwa usiku, washukiwa wakasakwa, na mauaji yakatulia. Asiyekiri hayo hana insafu. Lakini tarehe 21 Novemba 2017 Azory Gwanda, mwandishi aliyeyaandika mauaji hayo, alichukuliwa Kibiti na watu wasiojulikana, asionekane tena.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na hapa lugha yatoa ushahidi. Waliowaua wenyeviti waliitwa watu wasiojulikana; waliomchukua mwandishi wakaitwa jina lilo hilo. Raia asiyeweza kuwapambanua hawa na wale atawafungia mlango wote, na siri ya muuaji itabaki kijijini.

Hukumu ya wazi ndiyo ingewapambanua, nayo ni adimu. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa rumande miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi. Juni 2021 yakafutwa pasipo hukumu. Ikiwa walikosa, taifa halikuoneshwa kosa lao. Ikiwa hawakukosa, ni nani atakayewarudishia umri wao?

Nitaambiwa kwamba usalama una siri zake. Naam, unazo, lakini siri ya kazi si kimya cha makaburi. Mshukiwa na afikishwe mahakamani upesi, aliyekamatwa na ajulikane alipo, na mwenye kusema alindwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dola inayotaka kuambiwa kweli na mkulima wa Mzenga sharti kwanza imhakikishie kwamba, akiisema, kesho ataamkia nyumbani kwake.