"Wimbo Hauna Mwenyewe": Kauli Inayowadhulumu Waimbaji wa Tana

Mwanafunzi wa fasihi simulizi katika vyuo vyetu hukutana mapema na kauli kwamba kazi ya fasihi simulizi haina mtunzi maalumu, bali ni mali ya jamii nzima. Kauli hii hukaririwa katika mihadhara na katika karatasi za mitihani kana kwamba ni sifa bainifu isiyohitaji ushahidi. Makala haya yanaipinga. Yanadai kwamba kauli hiyo ni potofu kinadharia, na kwamba katika zama hizi za dijitali imekuwa silaha dhidi ya riziki ya waimbaji wa Garsen na vijiji vya kandokando ya Mto Tana.

Tuanze na mfano ambao kila Mkenya anaujua bila ya kujua kwamba anaujua. Wimbo wa Taifa wa Kenya ulitayarishwa mwaka 1963 na tume ya watu watano, akiwemo Graham Hyslop. Maelezo ya kawaida husema kwamba lahani yake ilitokana na bembea ya Wapokomo, yaani wimbo wa kumlaza mtoto. Maelezo hayo aghalabu huishia hapo. Lakini Wapokomo wenyewe, na magazeti ya Kenya kwa miaka mingi, humtaja Mzee Meza Galana wa Tana River kuwa ndiye mtunzi. Tazama basi kazi inayofanywa na neno "bembea ya jadi": wanatume wana majina, na kwao ilikotoka lahani pana kabila tu. Kabila halina akaunti ya benki.

Yaweza kulinganishwa na ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo iliyochukuliwa wakati wa ukoloni, ambayo imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza tangu 1908. Ngoma ikichukuliwa huacha pengo linaloonekana, na watu wakadai irudishwe. Wimbo ukichukuliwa huendelea kuimbwa kwao, na kwa sababu hiyo dhuluma yake haisemwi.

Kinadharia, hoja ya utunzi wa halaiki ilikwisha kutiliwa shaka na Ruth Finnegan tangu 1970. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Kipini, katika delta hiyohiyo ya Tana, pana kaburi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Ni nadra mhakiki wa Kiswahili kusema kwamba nyimbo za Liyongo hazina mwenyewe, ingawa nazo zilipokewa kwa mdomo karne nyingi kabla ya kuandikwa. Kwa nini shujaa wa pwani apewe jina, na mwimbaji wa mwaribe anyimwe? Tofauti haimo katika sanaa zao. Imo katika tabia ya waliokwenda kuzikusanya.

Zamani kosa hili lilikuwa la kitaaluma tu. Sasa lina bei. Anayepakia rekodi katika jukwaa la muziki huulizwa jina la mtunzi. Akijaza "wimbo wa jadi", hakuna anayemdai, naye hulindwa na sheria ya hakimiliki kwa upangaji wake. Mwimbaji wa Garsen, ambaye riziki yake hutoka kwenye arusi na mikutano ya kampeni, hubaki na tuzo za usiku ule. Akipakia mwenyewe, hukabiliana na hesabu nyingine: fedha hutiwa katika chungu kimoja na kugawanywa kwa wingi wa usikilizaji, na Spotify, iliyofika Kenya mwaka 2021, tangu 2024 hailipi chochote kwa rekodi isiyofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12. Hesabu hiyo si rafiki wa Kipokomo, lugha yenye wasemaji wachache.

Itasemwa kwamba sheria ipo. Ni kweli. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 chaliagiza Bunge litunge sheria ya kuzilipa jamii kwa matumizi ya utamaduni wao, na sheria ya kulinda maarifa ya jadi ikapitishwa mwaka 2016. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2022 nayo yalimpa mwenye kazi si chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu. Lakini asilimia 52 ya mapato ya mtu asiyetajwa ni sufuri.

Itasemwa pia kwamba kumtaja mtunzi mmoja kutawanyima wengine haki ya kuimba. Hofu hii ina uzito, kwani bembea haipaswi kukodishwa kwa mama. Hata hivyo, haki ya kijiji kuimba na haki ya mtunzi au mtendaji kulipwa kazi yake inapouzwa hazigongani. Anayezigonganisha ni yule anayenufaika na ukimya.

Basi wajibu uanzie idarani. Tasnifu inayomtaja mwimbaji kwa maneno "mzee mmoja wa Garsen" isipitishwe, isipokuwa mwenyewe ameomba asitajwe. Kila wimbo uandikwe na jina la aliyeuimba, la aliyemfunza, mahali na tarehe. Nakala ya rekodi irudi kwake, pamoja na hati anayoweza kuitumia kudai haki. Na ile sentensi ya vitabuni ifutwe. Jamii haitungi wimbo. Hutunga mtu, na jamii hukubali au hukataa.